Mfumo mmoja wa leseni za biashara: kabla ya tovuti mpya, tukubaliane hela anachukua nani

Mkoba wa Makaratasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Msimu wa bajeti ukikaribia, hadithi ya dirisha moja la leseni inarudi. Mfanyabiashara aingie sehemu moja, ajaze fomu moja, alipe mara moja, atoke na kibali chake. Mimi naunga mkono, tena sana, na ndiyo maana naandika. Naona tunaelekea kujenga mfumo mwingine juu ya mifumo tuliyonayo, tukate utepe, halafu mwenye biashara awe na nywila moja zaidi ya kusahau.

Kazi yangu ni kuwapangia makaratasi wajasiriamali wadogo hapa Morogoro. Wengi ni wasindikaji: unga wa lishe, siagi ya karanga, pilipili ya chupa. Chukueni mtu mmoja wa kawaida anayetaka kusaga na kufungasha unga auze kwenye maduka ya mjini. Anaanza na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, bila hiyo hata mlango haufunguki. Jina la biashara analisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. TIN, namba ya mlipakodi, ya TRA, mamlaka ya mapato. Mkataba wa pango, na huo una ushuru wa stempu pamoja na kodi ya zuio asilimia 10 ambayo mpangaji ndiye anayetakiwa kuikata na kuiwasilisha (waambie wenye nyumba wa Kihonda habari hiyo uone watakavyokutazama). Makadirio ya kodi, halafu hati ya uthibitisho wa kodi. Leseni ya halmashauri kupitia Tausi, mfumo wa mtandaoni. Bwana afya. TBS, shirika la viwango, kwa jengo na kwa bidhaa. Zimamoto. OSHA wa usalama mahali pa kazi. Wakala wa Vipimo kwa ajili ya mizani. Akiajiri vijana wawili, NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Hakuna hata kimoja hapo kisicho na maana. Unga mbovu unaua, na ghala bila kizimamoto ni balaa. Tatizo ni kwamba kila mmoja wa hao anamuuliza mtu yuleyule maswali yaleyale. Jina kamili, namba ya kitambulisho, kata, mtaa, kitalu, ukubwa wa jengo, idadi ya wafanyakazi. Halafu kila mmoja anatoa kontroli namba yake ya kulipia.

Serikali haijakaa bure, tuseme ukweli. BRELA waliingia mtandaoni 2018. TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, wameleta Tausi, mtu anaomba leseni akiwa nyumbani. Malipo yote ya serikali yanapita kwenye mfumo mmoja wa kontroli namba. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule tuliozoea kuuita Bluprinti, ulipitishwa 2018 ukaanza kutekelezwa Julai 2019, na mwaka huohuo bajeti ikafuta tozo 54 kwa mpigo. Kazi ya chakula ikatoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikaenda TBS, kwa hiyo msindikaji akapungukiwa mlango mmoja. Hilo la mwisho kwangu ndilo lililokuwa na maana kuliko yote, kwa sababu halikuwa suala la kompyuta. Mamlaka moja ilinyang'anywa kazi, ikabadilishwa na jina.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mitambo ya kuunganisha mifumo ipo. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina mfumo wa kubadilishana taarifa, ule wa GovESB, na NIDA inasomeka kwenye mifumo mingi. Kinachokwamisha ni kwamba kila taasisi ina lengo la makusanyo na mkurugenzi wake anapimwa kwa hilo. Ukimwambia aache kutoza kwenye mlango wake, atakubali kwenye kikao na kukwamisha kwenye utekelezaji. Kwa hiyo kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, tuamue: ada ni moja, kontroli namba ni moja, na fedha inagawanywa kwa fomula iliyo kwenye sheria. Bila hivyo, dirisha moja litakuwa korido yenye milango ileile, tumeongeza geti tu mbele.

Nawasilisha. Karibuni tupingane.

Gogo la Mnazi

Mkuu, hakuna jipya hapo. Dirisha moja tunalo tangu Kituo cha Uwekezaji kilipoanzishwa 1997. Maofisa wa TRA, Uhamiaji, Kazi na Ardhi walikaa jengo moja. Juzi juzi wakaleta na dirisha la kielektroniki, na sasa kituo hicho (TIC) na EPZA ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje zimeunganishwa kuwa TISEZA. Unataka nini tena?

Mkoba wa Makaratasi

Gogo, nataka hilohilo kwa muuza unga. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilishusha kiwango cha mtaji kwa mzawa kutoka dola 100,000 hadi 50,000, na watu tulipiga makofi. Piga hesabu dola 50,000 ni shilingi ngapi kisha uniambie ni wasindikaji wangapi wa Morogoro wanaofika. Mwenye kiwanda cha saruji ana mwanasheria na mhasibu, anahudumiwa kwenye jengo moja. Mama mwenye mashine moja ya kusaga ndiye anayezungushwa mji mzima. Kwa hiyo nakubali kwamba tunajua kulifanya. Tumelifanya kwa wale walioweza kujihudumia hata bila hilo.

Mama Unga

Naomba niongezee, mimi ni mmoja wa hao mnaowasema.

Shida ya fomu nimeizoea. Kinachoniumiza ni wakaguzi. Chumba changu cha uzalishaji ni kidogo, kina mlango mmoja na madirisha mawili. Akaja mkaguzi wa taasisi moja, akasema mlango ufunguke kwa nje, watu waweze kukimbia moto. Nikaita fundi. Akaja wa taasisi nyingine, akasema niweke mlango wa pili wa wavu ndani ya ule wa kwanza kuzuia nzi, na sinki ya kunawia liwe kando ya mlango. Nikaweka. Wa tatu akasema sinki lile liko kwenye njia ya kutokea, litolewe. Nikamuuliza, mwanangu, mnaongeaga nyie? Akacheka.

Kila mmoja alipima chumba kilekile kwa futi yake. Kila mmoja ana ripoti yake. Na sinki nimelihamisha kwa hela yangu, fundi bomba haniachii kwa kuwa ni agizo la serikali.

Kwa hiyo hata mkiunganisha kompyuta zote, kama wakaguzi hawaji siku moja wakabishania sinki wao kwa wao mbele yangu, bado sijasaidika.

Jirani wa Namanga

Majirani, hamjambo. Mimi ni Mkenya, biashara yangu iko Nairobi na mzigo nautoa Arusha, kwa hiyo naona pande zote mbili.

Sisi tulianza Huduma Centre mwaka 2013 na leo karibu huduma zote za serikali kuu ziko eCitizen. Kusajili jina au kampuni unafanya kwa simu ukiwa kwa matatu. Lakini Katiba ya 2010 iliweka leseni za biashara mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ukitoka eCitizen na cheti chako kizuri, unakutana na kanjo, askari wa kaunti, mlangoni anataka karatasi ya kaunti.

Nairobi wakaja na kibali cha pamoja. Leseni ya biashara, zimamoto, usafi wa chakula na bango la tangazo, vyote kwa bili moja. Kwa upande wa usumbufu, imesaidia, siku hizi anakuja ofisa mmoja badala ya wanne. Lakini niwaambie jambo ambalo hamjaligusa: zamani ulikuwa unalipa kidogo kidogo, hii Januari, hii Machi. Sasa inakuja kwa mkupuo, Januari, wakati watoto wanarudi shule. Mwenye duka dogo anaona bili moja nzito na anaona afadhali afunge mlango kanjo akipita. Mkiunganisha ada, ruhusuni watu walipe kwa awamu.

Kisiki cha Mpingo

Wakati nyie mnajadili, Rwanda walishamaliza. RDB, bodi yao ya maendeleo, ipo tangu 2008, kampuni inasajiliwa ndani ya masaa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara ya 2020 iliwaweka nafasi ya 38 duniani, Kenya 56, Uganda 116, sisi 141. Tuache maneno, tuige.

Mkoba wa Makaratasi

Kisiki, namba zako ni sahihi, ila ripoti hiyo Benki ya Dunia yenyewe iliifuta 2021 baada ya kugundulika takwimu za baadhi ya nchi zilichezewa. Na hata ilipokuwa hai ilipima zaidi kampuni ya mjini inavyosajiliwa. Sinki la Mama Unga halikuwemo.

Lakini Rwanda kuna somo, na silo la masaa. Kule leseni ya biashara, wanaiita ipatanti, ni mapato ya wilaya. Anayeikusanya ni mamlaka ya mapato ya taifa kwa niaba ya wilaya, kisha wilaya inapata chake. Mkusanyaji mmoja, wenye fedha wengi. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Jirani, hoja ya awamu nimeichukua. Sikuwa nimeifikiria kabisa na ni ya maana.

Mzee wa Kaunta

Nimesoma kimya kimya sasa niseme. Nilikuwa afisa biashara wa halmashauri mpaka nilipostaafu.

Mnatuongelea kama watu wa tamaa. Ngoja niwaeleze hela ya leseni inakwenda wapi. Ni mapato ya ndani. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ndiyo mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili. Wengi wenu humu mmekopa hapo. Zahanati ikiishiwa, posho ya vikao, mafuta ya gari la taka, hapohapo. Fedha ya serikali kuu inakuja na maelekezo yake. Hii ndiyo pekee ambayo baraza la madiwani linaipangia lenyewe.

Sasa Mkoba unasema mkusanyaji awe mmoja kisha tugawane. Hilo tumelipitia. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilichukuliwa kutoka halmashauri ikapelekwa TRA. Mwaka 2021 ikahamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Makusanyo yakawa rahisi, sikatai, kila anayenunua umeme analipa. Halmashauri je? Tukabaki kusubiri mgawo, na mgawo una tabia zake. Ukimwambia mkurugenzi leo kwamba leseni nayo itakwenda kwenye kapu moja halafu fungu lake litarudi, atakumbuka majengo. Nami nisingemlaumu.

Jambo la pili. Bunge lilishapitisha, mwaka 2007, Sheria ya Usajili wa Shughuli za Biashara. Shabaha yake ilikuwa tuondoke kwenye kuomba leseni twende kwenye kujisajili tu. Leo ni mwaka gani, na mnaomba nini? Leseni, kwa Sheria ya 1972. Sheria nzuri tunazo kabatini.

Gogo la Mnazi

Mzee shikamoo. Hapo kwenye LUKU umenimaliza.

Mkoba wa Makaratasi

Shikamoo mzee. Nashukuru umeingia, maana bila mtu wa kaunta uzi huu ungekuwa wa walalamikaji watupu.

Hofu ya majengo ni ya haki. Jibu langu ni kwamba fedha isiende kwenye kapu halafu irudi. Mfumo wa malipo unaweza kuigawa palepale mtu anapolipa: kontroli namba moja, shilingi zikiingia tu, fungu la halmashauri linaingia akaunti ya halmashauri, la TBS kwake, la Zimamoto kwake. Mkurugenzi anaona salio lake jioni hiyohiyo, hakuna barua ya kuomba mgawo. Fomula iwe kwenye kanuni, si kwenye waraka ambao mtu anaweza kuubadilisha akiamka vibaya.

Na ugomvi wangu na ada si kwamba zipo. Ni kwamba taasisi inayokagua inaishi kwa kukagua. Kama pato lako linatokana na idadi ya vibali, hutakuja kusema kibali hiki hakina kazi, tukifute. Hapo mzee tutakubaliana?

Mzee wa Kaunta

Nusu. Kwenye kugawa palepale nakubali, mkiiandika kwenye sheria. Kwenye kufuta ukaguzi sikubali. Mimi nimeshafunga bucha lililokuwa linaning'iniza nyama juu ya mtaro wa choo. Mwenye bucha alikuwa na makaratasi yote, yamepigwa mihuri, kayaweka kwenye fremu. Kompyuta ingempa leseni kwa dakika tano.

Mkoba wa Makaratasi

Mzee, mfano wako ndio unaonipa nguvu. Alikuwa na makaratasi yote! Ina maana utaratibu wa sasa ulimpitisha, na aliyemkamata ni wewe uliyekwenda baadaye bila kuitwa. Basi tufanye hivyo: bucha, unga, dawa, gesi, wakaguliwe kabla na baada. Duka la nguo, saluni, steshenari, fundi simu, wajaze, walipe, waanze kazi, mkaguzi aje baadaye kwa kushtukiza. Leo fundi simu na mwenye bucha wanapanga foleni moja, ndiyo maana mkaguzi hana muda wa kurudi kwa yule wa bucha.

Dogo wa Steshenari

Shikamooni wakubwa. Mmetaja steshenari nikaona niingie.

Mnabishana dirisha moja liwe wapi. Liko kwangu. Nenda mji wowote, tafuta kibanda chenye kompyuta mbili na bango limeandikwa BRELA, TIN, NIDA, TAUSI, AJIRA PORTAL, PICHA PASIPOTI. Mtu anakuja na kitambulisho na mkataba wa pango uliokunjwa mfukoni, anatoka na kila kitu. Serikali ilipeleka huduma mtandaoni, wananchi wakazileta kwangu.

Nawapa siri za kibandani. Moja, watu wengi hawana baruapepe. Kwa hiyo vijana wengi wa kazi hii wanafungua akaunti kwa baruapepe ya kibanda. Mwaka unaofuata leseni imeisha, mteja anakuja, kijana aliyemfungulia kahama mji na namba kabadilisha. Akaunti ndiyo imekwenda hivyo. Unaanza kuandika barua ya kuomba kurekebishiwa, na hapo ndipo huduma ya mtandao inarudi kuwa ya miguu. Mbili, mkataba wa pango. Mfumo unataka uuskani, usomeke, na faili lisiwe kubwa. Mkataba wenyewe umeandikwa kwa mkono, mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri juu ya kiwango cha kodi, hakisomeki. Unakataliwa. Tatu, jina la NIDA ni Mwanaidi, la cheti cha biashara ni Mwanahidi, herufi moja. Mifumo ikisomana ndiyo shida inakuwa kubwa zaidi, maana zamani karani aliona kwa macho kuwa ni mtu mmoja.

Kwa hiyo mkitengeneza mfumo huo mmoja, uingiwe kwa namba ya NIDA na namba ya siri kwa simu ya kawaida. Baruapepe iwe ya hiari. Na kuwe na sehemu rasmi ya wakala, mimi niingie kwa jina langu, ionekane nimemjazia nani, akitaka kuniondoa aniondoe. Mawakala wa pesa za simu wamesajiliwa. Sisi tunaoshika siri za biashara za watu hatujulikani.

Jirani wa Namanga

Huyu dogo aitwe wizarani kesho asubuhi. Hata kwetu saiba, vibanda vya intaneti, ndizo zinaendesha eCitizen mashinani.

Kisiki cha Mpingo

Nimesoma post ya dogo mara mbili. Naondoa "tuige" yangu, naiacha Rwanda ipumzike. Swali: tuanzie wapi? Tukisema nchi nzima kwa mpigo haitatokea.

Mkoba wa Makaratasi

Ningeanza na chakula kilichosindikwa, na mkoa mmoja au miwili. Sababu ni kwamba ndiko milango ilikojaa na ndiko wanawake wengi wako. TBS tayari wana utaratibu wa kuwabeba wadogo: ukija na barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, unasamehewa gharama za alama ya ubora miaka mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo taasisi mbili zimeshazoea kuongea. Ongezea halmashauri, Zimamoto na Vipimo. Siku moja ya ukaguzi, timu moja, ripoti moja, na wakitofautiana kuhusu sinki wamalize hukohuko na waandike. Wakishindwa kuja ndani ya muda uliowekwa, kibali cha muda kinatoka chenyewe. Hilo la mwisho taasisi zitalipinga kuliko yote, lakini bila saa inayohesabu dhidi ya ofisi hakuna kitakachokwenda.

TRA ningewaacha kwanza. Najua mtasema ndio wakubwa wa kero, na maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo Mei 2023 kwa ajili yao, lakini ukianza na kodi mjadala mzima unageuka wa kodi na leseni inasahaulika.

Mzee wa Kaunta

TRA huwezi kuwaacha. Leseni bila hati yao haitoki.

Mkoba wa Makaratasi

Kweli mzee. Basi mfumo uwaulize wenyewe kwa TIN: ana deni, hana deni. Jibu liwe ndiyo au hapana, mtu asitumwe kufuata karatasi ambayo ofisi mbili za serikali moja zingeweza kuulizana.

Mama Unga

Naomba mnijibu la kwangu kabla hamjarudi kwenye siasa. Leseni yangu inakaribia kutimiza mwaka. Ni ya halmashauri, nimeipata Tausi. Sasa nimepata wateja Dodoma, natuma mzigo kwa basi. Kuna mtu kaniambia nikishauza nje ya mkoa lazima nihamie leseni ya BRELA, kundi A. Ni kweli?

Mkoba wa Makaratasi

Si kweli dada. Kundi A (la BRELA) au B (la halmashauri) linaamuliwa na aina ya biashara ilivyoorodheshwa kwenye jedwali la sheria, si basi linakopeleka mzigo. Kutuma kwa wateja hakukuhamishi. Ukifungua duka au ghala Dodoma, hapo utahitaji leseni ya mahali pale. Kwa sasa huisha hiyohiyo ya Tausi, anza wiki kadhaa kabla ya tarehe kwa sababu ya hati ya TRA.

Dogo wa Steshenari

Mama, na ukumbuke uliifungulia kwa baruapepe ya nani.

Mama Unga

Ya mtoto wa dada. Yuko Mbeya, simu anapokea akipenda.

Dogo wa Steshenari

Mpigie leo mama, usingoje tarehe ifike. Mwambie akutumie nywila, kisha ubadilishe namba ya simu iwe yako kabla ya kuanza maombi. Ukikwama njoo inboksi.